Matabaka Tisa ya Rangi

Mama Sindano hakuwa mtu wa kuamini kitambaa kwa macho. Alikuwa akikipiga kwa ukucha wa kidole cha kati, tik, kama anayechagua chungu sokoni, kisha akitega sikio. Kitambaa kilichovutwa sawasawa juu ya mbavu za ndege huitika kama ngozi ya ngoma. Kilicholegea hunung'unika. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameshona vitambaa vya ndege ndogo katika karakana ile ile, kwa sindano ndefu kuliko kiganja na uzi uliopakwa nta, mpaka vidole vyake vikaota sugu mahali ambapo wanawake wengine huvaa pete.

Asubuhi hiyo aliingia chumba cha rangi kuchukua eleveta mbili za ndege nyeupe. Ndege hiyo ilikuwa imekaa karakanani siku kumi na moja ikisubiri kipuri cha injini. Kipuri kilikuwa kimefika, injini imefungwa, na kesho yake asubuhi ilitakiwa iruke na abiria wanne. Kilichobaki ni mkia.

Eleveta ni vipande viwili vya mkiani, kimoja kulia na kimoja kushoto, vilivyofungwa kwa bawaba nyuma ya bawa dogo la mkia, kama milango iliyolazwa. Rubani akivuta usukani kifuani, nyaya za chuma zinazopita chini ya viti na juu ya puli, vigurudumu vya kuziongoza, zinavuta mkono mdogo ulioko huko nyuma. Ukingo wa eleveta unanyanyuka, upepo unaukandamiza mkia chini, na pua ya ndege inatazama juu. Akisukuma usukani, mambo yanageuka. Mzee Mkia alipenda kuwaambia wageni waliokuja kushangaa: "Watu wanadhani ndege inapandishwa na injini. Injini ni punda tu. Anayemwambia punda sasa panda kilima, ni huyu hapa nyuma."

Mzee Mkia alikuwa mume wake. Jina hilo alipewa na mafundi, kwa kuwa kwa miaka thelathini na moja hakuna mkia uliotoka karakana ile bila kupita mikononi mwake. Alikuwa fundi na alikuwa mkaguzi. Mhuri wake, namba saba, aliuning'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu, na hata akienda kuoga aliuacha juu ya msumari ambapo angeweza kuuona.

Karakana ilikuwa na sharti moja lililopita masharti yote. Kitu chochote kinachoiongoza ndege angani lazima kionwe na watu wawili: mmoja aliyefanya kazi, na wa pili ambaye hakuifanya. Mihuri miwili, sahihi mbili, kadi moja. Mzee alikuwa wa kwanza. Kwa upande wa mkia, wa pili alikuwa mkewe, aliyefundishwa hapo hapo karakanani na kufanyiwa mtihani mara tatu kabla hajapewa haki hiyo. Mafundi walizoea kuwatania: "Nyumba hiyo hata chumvi ya mchuzi inapigwa mihuri miwili."

Akanyanyua eleveta ya kulia kwanza. Aliibeba kwa namna yake, viganja viwili chini ya mhimili, pale penye bawaba, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga aliyelala. Ikatulia, pua yake ikainama mbele kidogo tu. Mbele ya bawaba kuna kipande cha madini mazito ya risasi kilichowekwa ili kupambana na uzito wa nyuma, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, pua iwe nzito kuliko mkia, walau kwa unywele. Akailaza mezani juu ya blanketi.

Akanyanyua ya kushoto.

Ukingo wa nyuma ulishuka ghafla ukamgonga paja. Akadhani ameishika vibaya. Akaishika upya. Ikashuka tena, taratibu safari hii, kama mgonjwa anayekataa kukaa. Akaiweka mezani, akakunja kidole, akapiga kwa ukucha.

Du.

Akapiga pengine. Du. Ile haikuwa sauti ya kitambaa alichokishona yeye. Ilikuwa sauti ya ubao.

Ukutani kulikuwa na stendi ya kupimia uzani, nguzo mbili fupi za chuma zenye pini mbili za kupitisha kwenye bawaba, ili eleveta ining'inie huru na iseme yenyewe upande gani ni mzito. Akaitundika pale. Haikufikiri hata kidogo. Ikadondosha mkia wake chini mpaka ikagonga nguzo.

Kadi ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye bawaba. Akaisoma ingawa aliijua. Uzani umepimwa, sawa. Mhuri namba saba. Tarehe ya siku kumi zilizopita. Chini yake mstari mtupu uliokuwa ukimsubiri yeye.

Basi eleveta ilikuwa sawa siku kumi nyuma, na leo si sawa, na chuma hakinenepi kwa kulala. Akachukua kisu kidogo cha kukatia uzi, akakwangua pembeni, mahali ambapo hapaonekani, akapalainisha kwa msasa na kutazama kwa kioo cha kukuzia. Chini kabisa rangi ya fedha inayokinga jua. Juu yake nyeupe. Halafu mstari mwembamba kama unywele, na nyeupe. Na mstari, na nyeupe. Alihesabu kwa ncha ya sindano, kama anavyohesabu mishono. Nyeupe zilikuwa kumi. Ya kwanza ndiyo iliyokuwa halali, ile iliyopakwa kabla ya kupima. Tisa zilikuwa za ziada.

Akavuta stuli, akakaa.

Miezi minane nyuma, daktari aliwaketisha wote wawili kwenye viti vya plastiki akawaonyesha picha ya kichwa cha Mzee Mkia. "Hapa na hapa panachakaa," alisema.

"Hakuna spea, daktari?" Mzee aliuliza, na daktari akacheka kabla hajaona kwamba mwenzake hacheki.

Kisha daktari alimwita Mama Sindano pembeni. Akirudia jambo, usimkosoe. Usimwambie "umeshasema". Itikia tu, kama unalisikia kwa mara ya kwanza. Ukimkosoa unamwongezea hofu, na hofu inamla kuliko ugonjwa.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Mlangoni Mzee akasimama. "Mpaka mwisho wa mwaka tu, mama watoto. Nimalize mwaka, niuvue mhuri mwenyewe, kwa heshima zangu. Wasinivue wao. Nakuomba."

Katika ndoa yao ya miaka thelathini na nne alikuwa hajawahi kumwomba kitu kwa sauti ile. Akakubali. Na tangu siku hiyo akawa kumbukumbu yake. Alipita nyuma yake kama kivuli, akigusa kila pini aliyoifunga na kila waya alioukaza. Akikuta kasoro aliirekebisha kimya kimya, na akiulizwa na mafundi alisema yeye ndiye aliyemwomba Mzee aiache. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo aliijua tangu darasa la pili. Aliijua na akaficha.

Halafu ikaja kazi ya viti. Kwa siku tisa alikuwa chumba cha cherehani, upande wa pili wa uwanja, akishona mito na mikanda ya viti vya ndege nyingine. Na kila siku, baada ya chakula cha mchana, Mzee alikuwa akija kusimama mlangoni, uso umemnawiri.

"Nimemaliza eleveta ya kushoto, mama watoto. Imetakata kama jino la mtoto."

Siku ya kwanza alisema, "Hongera, baba watoto." Siku ya pili alisema, "Hongera." Siku ya tano alikuwa anasema hongera bila kuinua kichwa kwenye cherehani. Moyoni alijipongeza kwamba amelishika somo la daktari vizuri.

Alidhani Mzee anarudia maneno. Kumbe alikuwa akirudia kazi.

Kila jioni Mama Sindano alimkalisha kwenye kigoda na kumsugua kucha kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mpaka zitoke weupe. Kila jioni! Na hakujiuliza hata mara moja rangi mbichi inatoka wapi kwenye kucha za mtu aliyemaliza kupaka juzi.

Saa ya ukutani ilisema saa nne na nusu. Akaangalia mlango. Akaangalia mkasi wake mkubwa, ule wa kukatia vitambaa, uliokuwa kwenye mfuko wa aproni.

Wazo lilikuja likiwa limekamilika, kama jambo alilolipanga mwezi mzima. Kuchana tu. Aseme mkasi ulimponyoka, amechana kitambaa, Mama Sindano kazeeka, samahani jamani. Watamcheka. Watamsuta siku mbili. Atavua kitambaa chote na rangi yake, atashona upya, siku nne ndege itachelewa, na hakuna atakayeona mistari ile. Mwaka ulikuwa umebakiza wiki saba. Akautoa mkasi, akaufungua, akaweka ncha yake katikati ya mbavu mbili. Mkono wake haukutetemeka, na jambo hilo ndilo lililomtisha. Wiki saba ni ndege ngapi?

Mlango ukafunguliwa. Mzee Mkia aliingia akipiga mluzi, kopo la rangi nyeupe mkono mmoja, brashi mkono wa pili. Akaweka kopo chini, akachomoa bisibisi mfukoni, akaanza kulifungua kifuniko.

"Uko hapa? Afadhali. Nataka kuimaliza hii ya kushoto leo, inanidai koti moja tu la rangi itakate."

Mama Sindano alirudisha mkasi mfukoni. Hakujua kwa nini alisema alichosema. Pengine alitaka tu aliache lile kopo.

"Mkaguzi," alisema. Nyumbani alimwita baba watoto. Mkaguzi lilikuwa neno la kazi. "Kuna kazi ya mtu hapa. Njoo unitazamie."

Mzee aliinua kichwa. Akaweka bisibisi chini, akajifuta mikono kwenye ovaroli, akatoa miwani mfukoni. Mkewe alimwona akibadilika, kama taa inavyobadilika stima ikitulia. Mgongo ulinyooka. Macho yaliyokuwa yakizunguka asubuhi nzima yakitafuta yalichokisahau, yakasimama mahali pamoja.

"Sogea, bibie, unaniziba mwanga."

Aliigusa eleveta kwa mgongo wa kidole. Akaiinua ukingo, akaiachia, akaitazama inavyoanguka. Akaweka mizani ndogo chini ya ukingo, akasoma, akaguna. Akapiga kwa ukucha kama anavyopiga mkewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfundisha. Kisha akaona pale palipokwanguliwa, akaomba kioo, akainama.

Akiwa ameinama hivyo, waliingia watu wawili. Mmoja alikuwa mkuu wa karakana, mwanamume wa miaka arobaini waliyemwita Spana, aliyefundishwa kazi na Mzee tangu hajui kushika nyundo. Wa pili alikuwa rubani wa ndege nyeupe, mwanamke mwenye sauti ya kuchekesha hata akiwa amekasirika.

"Shikamoo, Mzee Mkia," rubani alisema. "Nimekuja kama tumbili, mkia wangu nimeuacha kwa fundi. Uko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Mkia wako mgonjwa." Hakuinua kichwa. "Saba. Nane. Tisa. Na moja ya haki, kumi. Huyu alikuwa anapaka rangi au anajenga nyumba?"

Rubani alicheka. Spana alisogea. "Vipi, mzee wangu?"

"Vipi? Mtu ameongeza matabaka tisa ya rangi baada ya kupima uzani. Imekuwa nzito nyuma. Mwanangu, sikiliza, maana wewe ndiye ungekaa mbele yake. Ukishika kasi, kitu hiki kinaanza kucheza. Mwanzo kama mkono wa mtu mwenye homa, unauhisi kwenye usukani. Kabla hujamaliza kusema nini hiki, kinapiga kama shuka kwenye kamba siku ya upepo mkali, na bawaba zinang'oka. Baada ya hapo vuta, sukuma, omba Mungu, hakuna kinachokusikia huko nyuma."

Rubani aliacha kucheka.

"Tuongeze risasi mbele?" Spana aliuliza.

"Nani alikufundisha kutibu uongo kwa uongo? Kitabu kina kikomo. Vueni kitambaa chote, mshone upya, mpake, mpime. Nimeikataa."

"Sawa, mzee."

"Na huyo fundi, nautaka mhuri wake." Mzee alivua miwani. Alikuwa na hasira, lakini hasira yenye raha ndani yake, ya mtu anayejua anachokisema. "Siye mlevi. Mlevi angepaka vibaya. Hebu tazameni kazi ilivyo safi, kila tabaka limepigwa msasa! Mkono anao mzuri, kichwa ndicho hana. Huyo ni hatari kuliko mlevi. Asiguse ndege tena. Hata ya karatasi."

Spana alikuwa ameliona kopo sakafuni na bisibisi juu yake. Macho yake yalipanda kutoka kwenye kopo hadi kwenye brashi, yakafika kwenye kucha za Mzee, yakasimama. Halafu akamtazama Mama Sindano, na uso wake ukawa uso wa mtoto aliyemwona baba yake akianguka barabarani.

"Mzee wangu," alisema, "haya tutayamaliza sisi. Twende tukanywe chai."

"Chai ina haraka gani? Nipeni kadi."

Kadi ilikuwa mkononi mwa Mama Sindano. Hata hakukumbuka kuifungua kwenye bawaba. Spana alimtikisia kichwa kidogo sana: usimpe. Na ingekuwa rahisi. Angesema imepotea, angesema iko ofisini, na baada ya chai Mzee asingekumbuka kwamba aliiomba. Rubani alikuwa amesimama kati yao akiwatazama mmoja mmoja, begi lake la safari begani.

"Mama watoto. Mkaguzi akiomba kadi, anapewa."

Akampa.

Mzee alivaa miwani tena. Midomo yake ilicheza akisoma. Alisoma tarehe. Alisoma namba. Aliushika mhuri uliokuwa kifuani mwake, akaugeuza, akasoma namba iliyochongwa chini yake, na kuilinganisha na ile ya kwenye kadi, kama ambaye angefurahi sana kukuta zimetofautiana. Kisha akatazama kopo. Akageuza mikono yake, akatazama kucha.

"Mimi?" aliuliza. Hakumwuliza Spana wala rubani.

"Ndiyo, baba watoto."

"Mara tisa?"

"Mara tisa."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu aliyepotea sokoni anavyomwuliza aliyekuja kumchukua.

"Nilikuwa nakuambia hongera."

Mzee aliitikia kwa kichwa, polepole, kana kwamba jibu hilo limemtosha. Akainama, akaitoa kamba ya kiatu shingoni. Ilikwama kwenye sikio na mkewe akanyoosha mkono kumsaidia, lakini yeye akausukuma mkono huo, akaitoa mwenyewe.

"Pokea," alimwambia Spana.

"Siwezi, mzee wangu."

"Nimetoa hukumu mbele ya watu watatu. Sasa unataka niitengue kwa kuwa mshtakiwa ni mimi? Hayo ndiyo niliyokufundisha?"

Spana alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati, mtu mzima mwenye ndevu. Hakunyoosha mkono. Basi Mzee akauweka mhuri mezani juu ya blanketi, kando ya eleveta ya kulia, akaukalisha vizuri usibingirike, akatoka kwenda kunawa. Walisikia bomba la nje likifunguliwa. Walilisikia likimwaga maji muda mrefu.

"Nilijua," Mama Sindano alisema. "Tangu miezi minane. Daktari alituambia."

"Miezi minane, mama?" Spana aliuliza. "Zimetoka ndege ngapi hapa?"

"Kumi na nne. Zote nimezirudia kwa mkono wangu. Kila bawaba, kila pini. Naapa."

"Isipokuwa hii."

"Isipokuwa hii."

Rubani alikuwa ameegemea ukuta. Mzaha ulikuwa umemtoka wote. "Mimi nina watoto wawili, mama," alisema. Akanyanyua begi lake, akatoka bila kuaga, na Mama Sindano hakumlaumu, wala siku zilizofuata hakuwahi kumlaumu.

Spana aliandika ripoti, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Wakaja wakaguzi wa nje, watu wanne wenye makoti, wakazipitia zile ndege kumi na nne moja baada ya nyingine. Hawakukuta kitu. Mama Sindano alinyang'anywa haki ya sahihi ya pili. Sindano aliachiwa. Akaivua eleveta ya kushoto kitambaa chake chote, akakikunjua sakafuni, kigumu kama ngozi iliyokauka juani, na kwa siku nne akashona upya peke yake. Hakuna fundi aliyemtania. Angependa wamtanie.

Lakini kazi ngumu ilikuwa nyumbani, asubuhi.

Siku ya kwanza Mzee aliamka mapema, akavaa ovaroli, akapapasa kifua. "Mama watoto, mhuri wangu uko wapi?"

Alimkalisha kitandani, akamshika mikono, akamweleza mwanzo mpaka mwisho. Kabla ya mwaka huo hawakuwahi kudanganyana kuhusu kazi, na hakuona sababu ya kuendelea uzeeni. Mzee alisikiliza kama mkaguzi. Aliuliza matabaka mangapi, uzito kiasi gani, nani alikuwepo. Habari ilipofika kwenye kadi, Mzee akauliza, "Mimi?" na akalia. Alilia kama mtu anayelia jambo kwa mara ya kwanza, kwa kuwa kwake ilikuwa mara ya kwanza.

Siku ya pili akapapasa kifua tena. Akamweleza tena. Akalia tena, pale pale, kwenye kadi, kwa neno lile lile. Mama Sindano alitoka uani akashika kamba ya nguo kwa mikono miwili. Kidonda kile kile, kisu kile kile, na mkono uliokishika kisu ulikuwa wake.

Siku ya tatu alikuwa jikoni akichemsha maji. Mzee akaja na ovaroli, vifungo vimepishana, upande mmoja wa kola umepanda hadi shavuni.

"Mama watoto, mhuri wangu siuoni."

Akapunguza moto. "Uko karakanani."

"Nimeuacha? Mimi huwa siuachi."

"Uliuacha mezani. Ulikuwa umechoka. Ulikataa eleveta ya ndege nyeupe, ile ya kushoto. Ilikuwa nzito nyuma, matabaka tisa ya rangi yaliyoongezwa baada ya kupima uzani."

"Tisa!" Mzee alivuta kiti, akakaa. "Nani huyo?"

Mama Sindano alimsogelea, akaanza kumfungua vifungo ili avifunge upya vikae sawa. "Fundi mmoja."

"Namjua?"

"Humjui."

"Ilikuwa iue watu, hiyo. Mmemwondoa?"

"Ameondoka mwenyewe. Alipoiona kadi aliuweka mhuri mezani, akatoka."

"Ah." Mzee alifikiri. Uso wake ulilegea. "Basi ni mtu wa haki, japo kichwa hana. Ana mke?"

"Anaye."

Mzee alitikisa kichwa, akatazama dirishani, mahali ambapo mvuke wa sufuria ulikuwa ukififisha kioo.

"Maskini, mama wa watu. Huyo ndiye wa kuhurumiwa. Ukimwona, mwambie nimempa pole."

"Nitamwambia," alisema Mama Sindano. Akafika kifungo cha mwisho, cha shingoni, akakifunga, na akabaki amekishika muda mrefu kuliko kifungo kinavyohitaji kushikwa.